Mashine inayojua pa kukomea

Ubao wa jipsamu ulianguka kutoka kwenye dari la sebule yangu alfajiri moja, kabla watoto hawajaamka. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa saa ile. Ulitua bapa juu ya kochi na meza ndogo, ukavunjika vipande vitatu, na unga mweupe ukatanda hadi kwenye vyombo vya kabatini. Bati halikuwa limevuja. Mchwa hawakuwa wamegusa mbao. Dari lenyewe lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili.

Kilichonishangaza kilikuwa juu. Nilipopanda ngazi na kumulika kwa tochi, nilikuta skrubu zote zipo, nyeusi, zimenyooka, zimeng'ang'ania mbao kama siku zilipopigwa. Hakuna hata moja iliyong'oka. Ubao ndio uliozikimbia skrubu. Na pale chini, kwenye kila kipande, kila mahali skrubu ilipokuwa imepita palikuwa na tundu la duara lenye upana wa kichwa cha skrubu, safi kama limekatwa kwa wembe.

Fundi niliyemwita kurekebisha ni kijana wa makamo ya mdogo wangu wa mwisho. Aliokota kipande kimoja, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, kisha akakigeuza akaangalia upande wa pili.

"Mama, skrubu zimezama," akasema. "Zimekata karatasi."

Sikuwa najua kwamba dari langu lilishikiliwa na karatasi. Nadhani wengi wetu tunaojenga hatujui. Tunachagua maua, tunachagua mikanda ya pembeni, tunabishana wiki nzima kuhusu rangi ya taa zitakazofichwa kwenye kingo, na hatuulizi hata mara moja ubao wenyewe umeshikwa na nini. Ndiyo sababu ya makala haya. Nataka kuzungumzia skrubu, karatasi, na mashine moja ambayo tangu siku ile naitazama kwa heshima.

Ukitaka kuelewa karatasi inafanya kazi gani, mtazame fundi anapokata ubao. Hachukui msumeno. Anaweka rula, anapitisha kisu mara moja juu ya uso wa ubao ili kuchana karatasi ya mbele tu. Halafu anausimamisha, anaupiga kwa goti upande wa nyuma, na ubao wote unakatika kwa mstari ulionyooka kama biskuti. Kilichobaki ni karatasi ya nyuma, inaning'iniza nusu mbili kama jalada la kitabu. Anaipitishia kisu, kazi imekwisha. Kwa maneno mengine, karatasi ikishachanwa, kilichobaki katikati hakina nguvu ya kuhimili kupindwa. Ni unga ulioganda. Unaweza kuuchimba kwa ukucha.

Unga huo tunauita jipsamu dukani, lakini una jina lake la Kiswahili, nalo ni jasi. Ukienda kwa wachimbaji utalisikia: jasi inachimbwa Kiranjeranje wilayani Kilwa, Makanya wilayani Same, na Itigi mkoani Singida, na sehemu kubwa yake huishia kwenye viwanda vya saruji, kwa kuwa saruji isiyotiwa jasi huganda haraka mno hata fundi hapati nafasi ya kuisawazisha. Karibu moja ya tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe. Ukiyachoma kwa joto la nyuzi 150 hivi, sehemu kubwa ya maji hutoka na kubaki unga. Ukiuongezea maji unaganda upya. Moto ukizuka ndani ya nyumba, maji hayo ndiyo hutoka kwanza kama mvuke na kuuchelewesha moto kupenya. Ni jiwe jema. Ila peke yake, bila karatasi, halibebeki juu ya vichwa vya watu.

Aliyeliweka jiwe hilo katikati ya karatasi alikuwa Mmarekani, Augustine Sackett, aliyepata hataza ya ubao wake mwaka 1894. Kabla ya hapo kuta za ndani kule Marekani zilipigwa vibanzi vya mbao, kisha plasta ya maji kwa tabaka, na kila tabaka lilingojwa likauke. Kazi ya wiki kadhaa. Watu wa pwani yetu wanaifahamu subira ya namna hiyo: zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, zilichongwa kwenye plasta ya chokaa na mikono isiyokuwa na haraka. Ubao wa Sackett ulipunguza kungoja. Mwaka 1909 kampuni ya United States Gypsum ikanunua biashara yake, na baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walipokuwa wakijenga nyumba kwa maelfu, ubao huo ukawa ndio ukuta wa kawaida. Wao wanauita ukuta mkavu, kwa sababu hauna plasta ya maji.

Mwanzoni ulipigwa misumari. Na misumari ilileta balaa ambalo mafundi wetu wa mbao wanalijua hata kama hawajawahi kugusa jipsamu. Mbao mbichi inapokauka husinyaa. Ncha ya msumari imezama ndani kabisa na haitembei, lakini uso wa mbao unarudi nyuma, kwa hiyo kichwa cha msumari kinabaki kimechomoza na ubao unalegea. Baada ya miezi michache unaona vipele kwenye ukuta uliopakwa rangi, kimoja hapa, kingine pale, kila kimoja kikiwa kichwa cha msumari kinachotafuta njia ya kutoka. Kadiri msumari ulivyo mrefu ndivyo kipele kinavyokuwa kikubwa. Kwetu, ambako mbao mbili kwa mbili inaweza kutoka Mafinga na kupandishwa kwenye kenchi ikiwa bado na unyevu wa msituni, tatizo hilo haliwezi kuwa dogo.

Skrubu ilikuja kutibu ugonjwa huo. Ina nyuzi zinazoshika mwili mzima wa mbao, kwa hiyo inaweza kuwa fupi kuliko msumari na bado ikashika zaidi. Ichukue moja uiweke kiganjani. Rangi yake nyeusi ni ngozi nyembamba ya fosfati, ambayo haikingi kutu kwa muda mrefu. Bafuni, au nyumba iliyo karibu na bahari, afadhali zile zilizopakwa zinki. Nyuzi pana ni za mbao, nyuzi zilizobanana ni za chaneli za bati. Ukizibadilisha, ya bati itashika mbao kwa ulegevu, na ya mbao itazunguka bure kwenye bati mpaka itoboe tundu kubwa isilolishika tena.

Lakini sehemu ninayotaka uitazame zaidi ni chini ya kichwa. Skrubu ya kawaida ya mbao ina kichwa chenye mteremko ulionyooka kama faneli, na mteremko huo hukata. Hii ya jipsamu ina mbonyeo laini, umepinda kama mdomo wa tarumbeta. Umepindwa hivyo ili ukifika kwenye karatasi uisukume ndani taratibu, uikunje, usiichane. Karatasi iliyokunjwa chini ya tarumbeta hiyo ndiyo inayobeba ubao. Kichwa kinatakiwa kiingie chini ya uso kidogo tu, pungufu ya milimita moja, kiasi cha kuacha kibonyeo cha kujazwa pati. Kikibaki juu, skimu, ule mpako mwembamba wa kulainisha uso, haitakifunika. Kikizama zaidi, karatasi inachanika pande zote, na kuanzia hapo skrubu inashikilia unga.

Basi tupige hesabu kidogo. Ubao mmoja una upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4. Ukipigwa kwenye fremu ya mbao, ile mafundi wanayoiita blandaring, iliyopangwa kila sentimita 40, unapata mistari saba. Weka skrubu sita kila mstari, ni 42. Sebule ya mita tano kwa nne inahitaji mbao za jipsamu saba hivi, yaani karibu skrubu 300. Mara 300, fundi aliyesimama kwenye jukwaa, shingo imepinda, jasho likimwingia machoni chini ya bati la saa nane mchana, anatakiwa asimame ndani ya nafasi ya pungufu ya milimita moja.

Kwa drili ya kawaida inayozunguka mara 1500 kwa dakika, skrubu yenye nyuzi pana huzama karibu milimita 70 kwa sekunde. Milimita ile moja inayotenganisha skrubu nzuri na skrubu mbaya hupita kwa sehemu moja ya sabini ya sekunde. Mtu mwenye macho mazuri na mkono mwepesi huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kuona jambo na kuachia kidole. Tunamdai binadamu kitu ambacho mwili wake haukuumbwa kukifanya, na dari likianguka tunasema fundi ni mzembe.

Mimi mwenyewe nilisema hivyo kuhusu fundi wangu wa kwanza. Nimelifuta neno hilo. Alikuwa na drili ya chaji nzuri tu, ya kutobolea na kufungia vitu vingi, na aliitumia kwa kazi isiyoiweza.

Mtu atauliza: je, drili hizo hazina ile pete yenye namba, inayofanya mashine ikwaruze na kuacha kuzungusha skrubu ikikaza? Zinayo. Nilimuuliza fundi wa pili swali hilohilo. Jibu lake lilikuwa fupi, na kadiri ninavyolifikiri ndivyo ninavyoona ndilo kiini cha mambo yote: pete ile inapima nguvu, haipimi kina. Ukikutana na kijicho kigumu cha mbao, mashine inakwaruza skrubu ikiwa bado imechomoza. Ukikutana na mbao laini, hakuna cha kuizuia, skrubu inapenya karatasi na kuzama. Ubao mmoja unaweza kupita juu ya mbao ngumu na laini ndani ya hatua moja. Namba uliyochagua ni sahihi hapa na ni kosa pale. Zile mashine za kugonga, impakti, nazo ni hatari zaidi kwa kazi hii, maana zimetengenezwa kulazimisha, na karatasi hailazimishwi.

Mashine aliyokuja nayo yeye haikuwa na pete ya namba. Ilikuwa na pua.

Ni mashine ya skrubu za jipsamu na haina kazi nyingine. Makita, DeWalt, Milwaukee na Hilti wote wanazitengeneza, za waya na za chaji, na zote zinafuata wazo moja. Mbele kuna pua ya plastiki au chuma, mviringo, na ndani yake biti ya nyota yenye sumaku. Nyuma ya biti kuna klachi ya meno: upande mmoja meno yameungana na mota, upande wa pili yameungana na biti, na katikati springi inayoyatenganisha. Ukibonyeza swichi, mota inanguruma lakini biti imesimama tuli. Unaweza kuigusa kwa kidole. Weka skrubu, sukuma kwenye ubao, springi inabanwa, meno yanashikana, skrubu inakwenda. Inapozama, pua inakaribia ubao. Pua ikigusa ubao haiwezi kusogea tena, lakini skrubu inaendelea kuivuta biti mbele kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachoyaachanisha meno. Mota bado inanguruma. Biti imesimama. Skrubu imekoma palepale ulipoiambia.

Pa kukomea panawekwa kwa kuzungusha pua yenyewe, nusu zamu huku au kule. Kijana yule alipiga skrubu tano kwenye kipande cha ubao kilichobaki kabla hajapanda jukwaani, akarekebisha pua mara mbili, akapiga nyingine tatu. Kisha hakuigusa tena, hata alipohamia kwenye mbao nyingine iliyokuwa ngumu zaidi. Mashine haipimi ugumu wa mbao hata kidogo. Inapima umbali kutoka uso wa ubao, basi. Na kwa kuwa haitegemei kidole kuachia swichi, inaweza kukimbia: nyingi huzunguka mara 4000 kwa dakika au zaidi, na skrubu nzima inaingia chini ya nusu sekunde. Kasi hiyo inasaidia pia kwenye chaneli za bati, maana ncha inatoboa kabla haijateleza.

Namna alivyoishika ilinivutia kama vile mtu anavyovutiwa na mpiga tarumbeta. Hakuikamata kwenye kishikio kama bastola. Kiganja kilipanda juu, nyuma ya mota, kikawa mstari mmoja na biti na skrubu, ili msukumo uende moja kwa moja bila kuinamisha kitu. Swichi aliibana kwa vidole viwili vya mwisho. Alipochoka kuibana aliifunga ibaki imewashwa, mashine ikanguruma mfululizo. Mkono wa kushoto ulishika konzi ya skrubu, na kwa kidole gumba alikuwa akiigeuza moja kila mara, kichwa mbele, ikafika kwenye sumaku kabla mkono wa kulia haujarudi. Zii, tak. Zii, tak. Ile tak ni meno yanapoachana. Baada ya dakika kumi sikio langu lilikuwa limeizoea hata nikatambua pale ambapo haikulia.

Palikuwa na mahali kama hapo. Skrubu iliingia kwa mshazari kwa sababu ncha ilikwepa kijicho cha mbao. Ukingo mmoja wa kichwa ulikata karatasi. Hakujaribu kuikaza wala kuificha kwa pati. Aliitoa, akapiga nyingine sentimita tano hivi pembeni, akaendelea. Ndivyo inavyotakiwa: karatasi iliyochanika haiponi, na skrubu iliyolala ndani ya unga haihesabiwi.

Najua pingamizi, kwa sababu nimelisikia kwa mafundi watatu tangu nilipoanza kuuliza. Mashine hii inafanya kazi moja tu. Fundi anayeanza ana fedha ya kununua kifaa kimoja, na atanunua kile kitakachotoboa ukuta, kufunga bawaba, kukoroga rangi na kupiga jipsamu pia. Siwezi kumlaumu. Mazingira ya kazi yenyewe ni magumu. Mara nyingi dari linapigwa kwenye nyumba ambayo umeme haujaingia, kwa hiyo ya waya haimfai na ya chaji ni ghali zaidi. Tena malipo yake yanahesabiwa kwa mita za mraba, na mwenye nyumba anamsukuma amalize kabla ya sikukuu.

Ila kuna njia ya katikati, na inasikitisha kwamba ni wachache walioelekezwa. Ipo biti ndogo yenye kikombe cha chuma kuizunguka, inayoingia kwenye drili yoyote. Kikombe kikigusa ubao, ncha ya biti inaachana na kichwa cha skrubu kwenye kina kilekile. Haina kasi ya mashine kamili, na mkono uliopinda bado utaharibu, lakini inapima kina na siyo nguvu, na hilo ndilo jambo. Haina bei ya kumtisha fundi yeyote. Kama ningekuwa na duka la vifaa vya ujenzi, ningeiweka moja ndani ya kila pakiti ya skrubu nyeusi ninayoiuza.

Kwa wenye kazi kubwa, maofisi na mahoteli, zipo zinazolishwa skrubu zilizopangwa kwenye mkanda wa plastiki, na nyingine zinaungwa fimbo ndefu ili fundi apige dari akiwa amesimama sakafuni. Shingo za vijana wetu zinastahili fimbo hiyo.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao. Ubao wa milimita tisa una uzito wa kilo 20 hivi, wa milimita 12 unazidi, na tunautundika juu ya vitanda vya watoto. Kabla skimu haijapakwa, siku ile moja ambayo vichwa vya skrubu bado vinaonekana, panda jukwaani utazame. Unatafuta vibonyeo vidogo vyenye karatasi nzima ndani yake, rangi ya kijivu au krimu. Ukiona kiduara cheupe cha unga kimezunguka kichwa, muite fundi kwa upole, umwoneshe. Baada ya skimu na rangi hakuna jicho linaloweza kuona tena, na dari baya na dari zuri vitafanana kwa mwaka mzima, au miwili, kama langu.

Mimi nilipanda. Kijana yule hakuchukia. Nadhani alifurahi kwamba kuna mtu anauliza. Jua lilikuwa limeshuka, mwanga uliingia dirishani kwa ubavu, na vibonyeo vyote 42 vya ubao wa mwisho vikawa na vivuli vyao vidogo, mistari saba, kama mashimo ya bao. Alichukua skrepa, akailaza juu ya dari, akaanza kuivuta polepole juu ya kila mstari huku amenyamaza na kichwa amekiinamisha upande mmoja. Chuma kikipita kimya, kichwa kimekaa chini ya uso. Mstari wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Kwenye wa tano, karibu na kona, tukasikia wote wawili: tik.

Akaweka skrepa chini, akachukua mashine, akairudia ile moja.